Kibanja Kisicho na Kaburi

Nilipokinunua kile kibanja cha Buhembe nilikuwa bado mkaguzi wa shule, na nilikikagua kama nilivyozoea kukagua madarasa: sikutegemea maelezo, niliingia nikatazama. Muuzaji aliapa kwa Mungu na kwa mama yake mzazi kwamba hakuna mtu aliyezikwa pale. Majirani waliokuja kushuhudia wakaapa pamoja naye. Niliwashukuru kwa viapo vyao, kisha nikachukua kipande cha nondo nilichokuwa nimekuja nacho na kuanza kupita mgomba kwa mgomba, nikikichomeka ardhini kila mahali palipoonekana kuinuka au kudidimia isivyo kawaida. Nilichunguza pia kila shina la mulamula, mmea ambao wazee wetu waliupanda mipakani na makaburini, kwa sababu kaburi la zamani huku kwetu halina msalaba wala saruji. Hubakiwa na mmea huo na kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za watu si msingi wa kununulia ardhi.

"Mwalimu," muuzaji aliniambia, akiwa ameketi juu ya gogo la mruhura, "unatafuta shamba au unatafuta maiti?"

"Natafuta shamba lisilo na maiti."

"Basi ungenunua ziwa. Ingawa hata huko, waitu, sikuhakikishii."

Majirani walicheka sana. Niliendelea kuchomeka nondo yangu mpaka nikafika mwisho wa shamba, na niliporidhika nikatoa kalamu.

Huenda msomaji wa kwingine akauliza haya yote yalikuwa ya nini. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati yake. Tunazaliwa humo, tunakula humo, na tukifa tunazikwa humo humo, hatua chache kutoka mlangoni. Kibanja chenye kaburi hakiuziki. Hakuna sheria ya nchi inayokataza. Nimeitafuta na sikuiona. Lakini anayekiuza huonekana amemuuza baba yake, na anayekinunua huona amenunua wafu wasiomhusu, ambao hajui walikufa na kinyongo gani. Kibanja nilichorithi Ijumbi, huko Muleba, kina babu yangu, baba yangu, mama yangu na watoto wa ndugu zangu waliokufa wachanga. Ni ardhi nzuri, yenye rutuba iliyotunzwa kwa samadi na nyasi tangu kabla sijazaliwa, na kwa mgonjwa anayehitaji dawa haina thamani yoyote. Huwezi kuipeleka dukani.

Nililitambua hilo mapema. Nilikuwa nimeona watu wenye vibanja vikubwa wakifia vitandani, wamezungukwa na mali isiyoweza kugeuzwa kuwa kitu kingine. Nilikuwa pia nimeyasoma masharti ya bima ya afya nitakayokuwa nayo nikistaafu, kwa kuwa mimi husoma masharti, na nilijua mambo ambayo bima ile isingeyabeba. Hayakufichwa, yalikuwa yameandikwa. Kwa hiyo nilitaka ardhi moja isiyo na ukoo wala wafu, iliyo karibu na mji ambako bei hupanda, ambayo siku ya ugonjwa ingeuzwa asubuhi na fedha zikapatikana. Nilimweleza mke wangu. Aliniuliza swali moja tu.

"Ugonjwa wa nani?"

"Wangu au wako. Mmoja wetu ataugua."

"Haya," alisema. "Basi tupande kahawa wakati tunangoja."

Tulipanda kahawa. Baadaye tukajenga vyumba viwili vya matofali, na mtoto wetu wa kiume, aliyekuwa fundi umeme mjini Bukoba na ambaye hakuwa ameoa, akaishi humo. Sisi tulibaki Ijumbi. Mabinti zetu walikwisha olewa mbali, kila mmoja na mizigo yake. Nilipostaafu niliamini kwamba nilikuwa nimefanya yote ambayo mtu mwenye kipato changu angeweza kuyafanya, na mpaka leo sijapata hoja ya kunionyesha kwamba sikuyafanya.

Kisha mwanetu akafa. Alikuwa akirudi mjini kutoka Muleba, na gari alilopanda likapinduka. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa yaliyosemwa kuhusu ajali ile ni mengi na niliyoyathibitisha ni hayo.

Maiti ililetwa Ijumbi, kama ilivyo ada. Mdogo wangu, anayeishi upande wa chini wa kibanja cha baba yetu, alikwisha waonyesha vijana mahali pa kuchimba, karibu na kaburi la baba yetu. Nilikuwa nimekaa na wanaume mke wangu aliponiita nyuma ya jiko. Hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu anayefikiria bei.

"Asizikwe hapa," alisema.

"Azikwe wapi? Baba yangu yuko hapa."

"Baba yako yuko hapa. Mimi nitakuwa wapi?"

Nilimwambia kwamba sikumwelewa.

"Mwalimu, mtoto wa kiume ndiye huyo amelala sebuleni. Ukitangulia wewe, ndugu zako watasema hapa ni pa ukoo na mimi si wa ukoo. Watanivumilia mpaka matanga yaishe. Nikitaka kuliona kaburi la mwanangu, nitabisha hodi kwa mdogo wako."

"Sheria haiwaruhusu kukutoa. Mjane ana haki."

"Hiyo sheria huwa inafika Ijumbi na basi gani?"

Naifahamu sheria, pia nawafahamu wajane ambao nimewaona wakirudi kwa kaka zao na godoro kichwani, huku sheria ikiwa kamili kabatini.

"Mzike Buhembe," alisema. "Pale tulinunua wenyewe. Hati utakayoniachia watasema ni ya kughushi. Kaburi hawawezi kusema ni la kughushi. Hakuna mtu anayemtoa mama kwenye kaburi la mwanawe, hata hao wa kwenu."

"Unajua kwamba tukimzika pale hakitauzika tena."

"Najua. Ndiyo sababu nasema pale."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mke wangu naye alikuwa akijiandaa kwa miaka yote hiyo, kimya kimya, kwa ajili ya jambo jingine. Mimi nilijiandaa kuugua. Yeye alijiandaa kufiwa na mimi. Hatari zote mbili zilikuwa za kweli, na ardhi ya kuzikinga ilikuwa moja. Kinga yangu ilihitaji ardhi isiyo na kaburi. Kinga yake ilihitaji kaburi. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa mtu mwenye afya, na mbele yangu alisimama mama aliyefiwa, na hoja yake haikuwa na kasoro.

Nilirudi kwa wanaume nikawaambia. Mdogo wangu alisimama.

"Kaka, unamtupa mtoto mjini kama mtu asiye na kwao?"

"Namzika kwenye kibanja changu."

"Kibanja cha kununua!" Alisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Atakaa na nani kule? Atazungumza na nani?"

Wazee waliguna. Mmoja akauliza kwa upole kama kusoma sana hakunidhuru. Tuliondoka na maiti siku ile ile, na wengi wa ukoo hawakutufuata. Buhembe tulizikiwa na majirani, na kwa heshima ya kutosha. Baadaye mke wangu alitaka kaburi liwekewe vigae vyeupe, na tukahamia kwenye vile vyumba viwili. Kibanja cha Ijumbi nilimwachia mdogo wangu akitunze.

Miaka iliyofuata ilikuwa mitulivu. Mke wangu alipalilia karibu na kaburi kwa mikono, si kwa jembe. Alikuwa akizungumza huku akipalilia, na sikuwahi kumuuliza alikuwa akizungumza na nani.

Uvimbe aliuficha kwanza. Alipouonyesha ulikuwa umekwisha vuka titi na kufika kwapani. Tulianzia hospitali ya mjini, tukaelekezwa Mwanza, tukavuka kwa meli, tukalala kwa ndugu wa mbali ambaye alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Daktari aliyemwona alikuwa kijana, na nilimpenda kwa sababu hakutumia maneno mengi. Alichora kwenye karatasi, akaeleza hatua za tiba, kisha akaeleza dawa moja ambayo, kwa aina ya uvimbe aliokuwa nao mke wangu, ilikuwa na matumaini halisi. Akatamka bei ya dozi moja. Akasema dozi zinazohitajika ni nyingi, kwa mpangilio, bila kukatiza.

"Bima itabeba kitanda, upasuaji na vipimo," alisema. "Hii dawa haimo."

"Najua," nilisema. "Nilisoma."

Alinitazama kwa mshangao kidogo. "Mna kitu cha kuuza, mzee?"

Mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na kuelewa kila neno, alikuwa akiangalia dirishani. "Tunacho," nilimjibu daktari, na nilijua kwamba jibu lile lilikuwa kweli zamani.

Mabinti walituma walichoweza. Kilitosha safari na chakula. Tuliporudi Bukoba nilimwendea mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana. Hakuna familia Buhembe isiyo kwenye kikundi cha namna hiyo. Tunachanga bila kukosa. Tunayo maturubai, viti, masufuria ya kupikia umati, hata spika. Nilimwomba kikundi kinipe kwa ajili ya tiba kile ambacho kingenipa kwa ajili ya mazishi.

"Mwalimu," alisema akikuna kidevu, "katiba inasema msiba. Na wewe ndiye uliyetusahihishia ile katiba."

"Naikumbuka. Akifa mtaleta?"

"Eh! Akifa tutaleta vyote. Hutalala njaa, hutanunua hata kiberiti."

"Kwa hiyo mnamngojea."

"Usiseme hivyo, waitu," alisema, na macho yake yakalowa kweli. Ni mtu mwema. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba mkoa mzima tumejipanga vizuri kufa kuliko tulivyojipanga kuugua.

Ndipo nikamwita dalali. Alikuja na mfanyabiashara wa kahawa aliyetaka kujenga nyumba za kupangisha. Dalali alizungumza tangu barabarani bila kupumua.

"Bosi, angalia udongo huu. Ukidondosha msumari unaota mlango. Maji yapo, umeme upo, majirani ni wacha Mungu, wote wanalala mapema."

Mfanyabiashara alipita kati ya migomba akiitikia kwa kichwa. Alipenda sehemu ya mbele. Alipenda mteremko, kwa ajili ya mifereji. Kisha akafika kwenye vigae vyeupe, akavua kofia.

"Mzee, hapa pana mtu."

"Ni mwanangu."

Alisimama kwa adabu, akafanya ishara ya msalaba, kisha akarudi nyuma polepole, bila kugeuza mgongo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Kaburi si kitu siku hizi," dalali alisema. "Linahamishwa! Serikali yenyewe inahamisha ikipitisha barabara."

"Nyamaza wewe," mfanyabiashara alimwambia. Kwangu mimi alisema, "Pole, mzee. Shamba ni zuri. Lakini wapangaji wangu wataniuliza, na mimi mwenyewe silali."

Wengine waliokuja baada yake walifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja tu, mjane tajiri kutoka Muleba, alinipa sharti lililo wazi: mhamishe mwanao kwanza, nionyeshe ardhi tupu, nitalipa bei kamili. Nilikwenda ofisi za manispaa nikauliza utaratibu wa kibali cha kufukua na kuhamisha, nikaambiwa kwamba kinapatikana. Nilikwenda Ijumbi. Mdogo wangu alinipokea kama vile hatujawahi kugombana.

"Mlete nyumbani, kaka. Tangu siku ile nilisema. Mahali pake papo, hatujapagusa."

Nilirudi Buhembe na jambo hilo. Lilikuwa tiba, lilikuwa limekamilika, na lilihitaji neno moja tu. Mke wangu alinisikiliza akiwa amelala ubavu, upande usiouma.

"Nikipona," alisema, "nitakaa wapi?"

"Ijumbi. Nyumbani."

"Na ukifa?"

"Mama, kwanza upone."

"Hapana. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuuliza ya mbele. Nikipona, mwanangu yuko Ijumbi, kibanja hiki kimeuzwa, dawa zimekunywa fedha zote. Ukifa siku inayofuata mimi ni nani?" Alipumzika kidogo. "Mdogo wako aandike. Aandike mbele ya watu kwamba nitakaa pale mpaka nife na nizikwe pale. Akiandika, chimbeni kesho. Nami nitawashikia taa."

Niliona kwamba sharti lake lilikuwa la haki, tena ni lile ambalo mimi mwenyewe ningelitoa. Nilikwenda tena Ijumbi. Nilimkuta mdogo wangu akianua kahawa kwenye mkeka. Nilimweleza.

"Shemeji ni mama yetu," alisema. "Nani atamfukuza mama?"

"Vizuri. Basi tuandike, mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji."

"Tuandike nini? Nimesema."

"Nimekusikia. Nataka kuandika ulichosema."

Aliacha kahawa. "Kaka, mimi umenisomesha, umeninunulia viatu vya kwanza. Leo unataka kuniandikisha kama mwizi wa ng'ombe?"

"Kama hutamfukuza, maandishi hayakupunguzii kitu."

"Na watoto wangu? Nina vijana wanne. Niwaandikie kwamba kibanja cha babu yao kina mtu ambaye..." Hakumalizia. Hakuhitaji kumalizia. Tulitazamana, kila mmoja akijua kwamba mwenzake amesikia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Neno langu linatosha, kaka. Mambo ya ukoo hayaandikwi."

Watu waliosimulia habari hizi baadaye walisema kwamba ninampoteza mke wangu kwa ukaidi wa karatasi. Kwamba ningelipokea neno la ndugu yangu, mambo yangeenda. Hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na niliuona uso wake alipofika kwenye watoto wake. Neno ambalo msemaji anaogopa kuliandika limekwisha jieleza. Nilimpelekea mke wangu jibu hilo kama lilivyo.

"Nilijua," alisema. Hakufurahi kuwa sahihi.

Nilimsihi akubali hata hivyo. Nilimwambia kwamba hatari ya Ijumbi ni ya kesho na uvimbe ni wa leo, na kwamba mtu mwenye akili hushughulika kwanza na iliyo karibu. Alisema kwamba alikuwa amelala mahali pengi ambapo hapakuwa pake, tangu alipoolewa, na hakuwa tayari kununua miaka michache ya kulala hivyo kwa mifupa ya mwanawe. Nilimfunika blanketi, nikatoka nje.

Kisha ukaja uvumi. Ulitoka kanisani, kwa wanawake wa jumuiya waliokuja kumtembelea na uji wa ulezi. Walisema barabara mpya inakuja, ya kuzunguka mji. Itapita Buhembe, tena itapita kwetu kabisa. Wapimaji wamekwisha onekana. Fidia italipwa, na makaburi yatahamishwa na serikali yenyewe, kwa heshima zote, na padri akiwapo, na wenye makaburi watapewa viwanja vingine.

Nilisikia kutoka chumba cha pili, na sikuamini. Lakini nilimwona mke wangu akibadilika. Aliketi. Aliomba mto mwingine. Jioni aliomba ndizi na samaki, akala akamaliza.

"Mwalimu," alisema, "serikali ikimhamisha, si mimi niliyemhamisha. Na hicho kiwanja kingine kitakuwa na jina langu, nitasema kiandikwe langu. Yeye tutamzika huko huko. Na fidia inakwenda Mwanza. Umeona?"

"Nani aliyewaona hao wapimaji?"

"Watu wamewaona."

"Watu gani?"

"Mwalimu, siku ya mwisho Mungu atakuita nawe utamwomba kitambulisho."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajacheka tangu Mwanza. Siku zilizofuata alikula, alioga mwenyewe, alitembea mpaka barabarani kuangalia kama kuna watu wenye vyombo vya kupimia. Aliwapangia mabinti kwa simu namna fidia itakavyogawanywa. Mabinti waliamini. Binti mkubwa alianza kuulizia nauli ya kuja kumsindikiza mama yake Mwanza, na akataka kukopa.

Hapo sikuweza kuliacha jambo hilo hivyo. Nilipanda bodaboda mpaka mjini, nikaingia ofisi inayohusika, nikaeleza shida yangu kwa afisa aliyekuwa mezani. Alinifungulia ramani. Alinionyesha kwa kalamu. Hapakuwa na barabara. Hapakuwa na mpango wa barabara, wala wazo la mpango.

"Nani amekwambia, mzee?"

"Wanawake wa jumuiya."

"Hata mimi nimeisikia," alisema na kutabasamu. "Mama mkwe wangu amenipigia kuniuliza atalipwa lini. Nikamwambia hakuna, akasema nimefichwa."

Nilimwomba anionyeshe tena, polepole, na akafanya hivyo kwa subira. Nikarudi.

Alikuwa ameketi nje, juani, amejifunga khanga mbili.

"Nimetoka ofisini," nilimwambia.

Alinielewa kabla sijaendelea. "Nani alikutuma?"

"Hakuna barabara, Mama. Nimeiona ramani. Binti alitaka kukopa."

Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yake na hakuwafukuza.

"Ungeniachia hilo moja," alisema mwishowe. "Halikuwa likila chakula chako."

Nimelifikiria neno hilo kwa namna ambayo sikuwahi kufikiria jambo lolote vitabuni. Uvumi ulikuwa wa uongo, nilithibitisha. Lakini chakula alichokula kwa sababu ya uvumi ule kilikuwa chakula, na hatua alizotembea zilikuwa hatua, na hayo nayo niliyashuhudia kwa macho yangu. Tangu siku ile hakuomba samaki tena. Wanawake wa jumuiya bado huja na uji, na wakianza kusema habari za barabara yeye huwaambia, bila hasira, "Acheni. Mwalimu amekwenda ameuliza."

Daktari wa Mwanza alinipigia simu kuuliza kama tumepata. Nilimwambia hatujapata. Akaniambia kwamba kwa kadiri muda ulivyopita, hata tukipata sasa, asingependa kuniahidi. Nilimshukuru kwa kutoniahidi. Siku hizi tunachukua dawa za maumivu mjini, nami nasoma maelekezo yake na kuyafuata.

Juzi, jua lilipopoa, aliomba nimshike mkono twende shambani. Tulikwenda polepole mpaka kwenye vigae. Alisimama, akatafuta kwa macho, kisha akaonyesha kwa fimbo.

"Mimi hapa, kushoto kwake. Kulia ni kwako, kama Ijumbi hawatakudai."

"Nitakuwa hapa."

"Waambie mapema. Usiwaachie wagombane juu ya maiti." Aliugonga kwa fimbo mgomba wa nshakara uliosimama pale alipoonyesha. "Huu utakuwa njiani. Ukate wewe mwenyewe. Vijana wa kuchimba wakija na haraka zao watakata na ile ya pembeni."

"Huu una mkungu. Haujakomaa."

Aliuinulia macho ule mkungu, akautazama kama mkulima anavyoutazama, kwa hesabu.

"Basi uache ukomae," alisema. "Ni dhambi kutupa chakula."

Kila asubuhi napita pale nikienda kukata majani ya ng'ombe wa jirani. Mkungu umejaa. Ndizi zimeanza kupoteza kingo zake na kuwa mviringo, na mkulima yeyote wa hapa akiuona ataniuliza kwa nini siukati. Sijaukata.